Siku Niliposema Makombe Yamezidi

Nianze kwa kukiri mwenyewe, kabla hamjaambiwa na mtu mwingine na kuongezewa chumvi: yule mwanachuo aliyedondokwa na kaptula mbele ya umati mzima kule mgodini upande wa Geita, miaka ile ya hamsini kabla ya Uhuru, alikuwa mimi. Nimekataa miaka mingi (mke wangu niliwahi kumwambia kwamba alikuwa binamu yangu, na binamu yangu mpaka leo hanisalimii vizuri), lakini nimeshafika umri ambao aibu ya zamani inachekesha kuliko inavyouma, basi sogeeni.

Nilikuwa kapteni wa timu ya mpira ya chuo chetu cha ualimu pale Shinyanga, na mwaka ule tulikuwa tumeshinda ligi, tena kwa haki, nikawa natembea mjini kama mtu aliyeujenga mji wenyewe. Sasa ligi ikiisha ungedhani watu wanapumzika, kumbe ndipo makombe yanapoanza: kombe la wenye maduka, kombe la Bwana Shauri yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, kombe la watemi, kombe la misheni, kombe la vinu vya pamba, hata lilikuwepo kombe moja la timu zilizokosa makombe mengine (msicheke, lilikuwepo), na la saba, la mwisho kabisa, kombe la mgodini. Mimi niliona yamezidi. Timu imefungwa msimu mzima, halafu inaalikwa mechi moja, inashinda, inarudi na kombe begani na kupita mbele yetu vifua mbele kama vile ligi haikuwepo! Iliniuma sana. Nikaandika hoja ya ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko mzuri, kwamba makombe yapunguzwe yabaki mawili, nikaitia mfukoni nikingoja kikao cha kamati ya michezo.

Ndipo nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, ambao ndio ulionimaliza. Siku ya kusafiri kwenda mgodini niliwaacha chuoni wachezaji wetu wazuri, nikachukua wale wa akiba, kumi na mmoja kamili, na mimi mwenyewe sikufunga begi la mpira. Nikavaa suruali yangu ndefu ya kitambaa, shati jeupe na tai. Mwalimu Luhende, aliyekuwa akisimamia michezo chuoni, akaniangalia miguuni.

"Kapteni, njumu zako ziko wapi?"

"Mwalimu, mimi kule nitatoa shukrani za wageni tu. Hii mechi hata wa akiba wanaimaliza."

Akageuka kuelekea kwenye lori la mizigo lililokuwa likitungoja. Alipanda mbele na dereva, sisi tukapanda nyuma juu ya mizigo ya maduka, tukaenda.

Tulipovuka ziwa kwa pantoni, upande wa pili akapanda mtu mmoja mwenye miaka kama arobaini hivi, mwembamba, kofia ya kiua kichwani, amekumbatia furushi lililofungwa kwa gunia na kanga. Alivyolishika nilidhani ni mayai. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." (Sikuwa mwalimu bado, lakini sikumrekebisha.) "Mnakuja kwetu kucheza?"

"Ndiyo, ila si mechi ya maana sana."

"Kwa nini, mwalimu?"

Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na mimi nikiulizwa hivyo sijui kunyamaza. Nikamhesabia makombe yote saba kwa vidole, nikamweleza kwamba wachezaji wanachoka, masomo yanalala, na kombe likiwa la kila mtu linakuwa si la mtu yeyote, na yeye akawa anaitikia "ehe, ehe" kwa adabu, nikazidi kupanda. "Na hili la kwenu," nikamalizia, "nasikia hata si la fedha. Kuna fundi mmoja wa karakana amelichonga kwa bomba bovu."

"La shaba," akasema taratibu. "Bomba la shaba. Lilikuwa bovu, ni kweli."

Lori likaruka shimo, akaliinua furushi juu kidogo lisigongwe, kisha akatazama njia. Akaendelea kulikumbatia mpaka tunafika.

Kesho yake mchana uwanja ulijaa hadi watu wamekaa juu ya vifusi vya mawe. Walikuwepo Wasukuma wa vijiji vya jirani waliowaacha ng'ombe wao, Wahaya, Wanyamwezi, Wamanyema, akina mama na vitenge vya sikukuu, na mbele ya wote meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake kombe. Lilikuwa refu kama mkono wa mtu, masikio mawili, jekundu linalong'aa, na maandishi yaliyochorwa vizuri sana. Nikasimama kulishangaa (nilikuwa natafuta kasoro, nisiwadanganye, sikuiona), na hapo timu ya wachimbaji ikatoka, na mbele yao, amevaa jezi ya kapteni, yule mzee wa kwenye lori.

Ndiye fundi mwenyewe, Fundi Ramadhani. Kombe alilichonga kwa mikono yake baada ya kazi, miezi minne, na siku ile nilipokuwa nikimhutubia alikuwa anatoka Mwanza kwa sonara kuliandikisha. Lilikuwemo ndani ya gunia, magotini pake, linanisikiliza.

Akanipa mkono. "Karibu sana, mwalimu." Basi. Wala kijembe hakunitupia. Laiti angenitukana ningepumua!

Kabla sijajificha, Mwalimu Luhende akanishika bega. Leonardi, winga wetu wa kushoto, alikuwa amejikunja chini ya blanketi anatetemeka kwa homa, na wachezaji wamebaki kumi. "Kapteni," akasema Mwalimu, "vua tai."

Njumu sina, nikasema nitacheza peku. Kaptula je? Fundi Ramadhani ndiye aliyetuma mtu akanitafutie, na iliyopatikana ni ya Bonifasi, mpishi wa mgodi, mtu ambaye watu wawili kama mimi wangeweza kuingia ndani ya nguo yake moja na nafasi ikabaki. Nikaikusanya kiunoni, nikaifunga kwa kamba ya katani, nikaingia uwanjani nikishikilia heshima yangu kwa mkono mmoja.

Na sasa niwaambieni juu ya mpira ule, maana aibu yangu isiwafanye mkaukosa. Wale watu hawakupiga kelele uwanjani. Walipiga miluzi. Chini ya ardhi, kwenye giza na mashine zinanguruma, ndivyo walivyozoea kuitana, kila mtu ana mluzi wake, na juani pia waliitana hivyo hivyo: mluzi mfupi, mpira unakwenda kulia bila mtu kugeuza kichwa, mluzi mrefu, wote wanarudi nyuma pamoja. Sisi tulikuwa tukipayuka "Lete! Lete!" kama madalali mnadani. Golikipa wao, Maganga, alikuwa na vidole saba tu, vitatu vilikatwa na winchi, na alidaka mipira ambayo mimi mpaka leo sijui aliiona saa ngapi. Fundi Ramadhani alicheza beki wa kati, hakimbii, anatokea tu pale mpira unapokuja. Walitufunga matatu, tukajitahidi tukarudisha mawili, na dakika za mwisho mtu wetu akasukumwa ndani ya eneo lao. Penalti!

Nikasema napiga mimi. Nilitaka kuirudisha sura yangu kwa teke moja. Nikarudi nyuma hatua nyingi kuliko inavyohitajika, nikakimbia, nikainua mguu, na kamba ya katani ikakatika.

Kaptula ya Bonifasi ikashuka yote kwa mara moja mpaka kwenye vifundo vya miguu, mguu wa pili ukanaswa, mpira nikaugusa kwa kidole ukajiviringisha kumwendea Maganga kama unaomba radhi, na mimi nikaenda chini kifudifudi mavumbini. Mngedhani aibu imeishia hapo. Haikuishia. Chupi niliyokuwa nayo mama yangu alinishonea kwa mfuko wa unga, na maandishi ya mfuko yalikuwa hayajatoka, tena yalikuwa nyuma, makubwa, ya bluu. Umati ukapiga yowe, halafu ukanyamaza kwa sababu mama mmoja aliyekaa mbele alikuwa anasoma. Alikuwa Mama Shija, mke wa golikipa, ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kusoma jioni kwa wamisionari, na hakutaka kuipoteza nafasi.

"Da-ra-ja," akasoma kwa sauti, kidole mbele, "la... kwa... kwanza!" Akaruka juu. "Daraja la kwanza! Nimesoma! Nimesoma mwenyewe!"

Vigelegele vilivyopigwa sijawahi kuvisikia harusini. Mimi nilikuwa nimelala pale pale, nikiomba ardhi ipasuke (na kwa nchi ile ya mashimo halikuwa ombi kubwa), niliposikia mluzi mmoja, mrefu. Wachimbaji wote wakaja mbio. Nilidhani wanakuja kunicheka karibu. Wakasimama kunizunguka, bega kwa bega, migongo yao kwangu na nyuso zao kwa watu, ukuta mzima, hata mmoja hakugeuka kutazama. Fundi Ramadhani akaunyoosha mkono nyuma bila kuangalia, ameshika mkanda wake wa kazi, ule wa kufungia taa. "Jifunge, mwalimu. Taratibu. Hatuna haraka."

Nilipomaliza, akaenda kwa mwamuzi, karani mmoja wa mgodi, akamwambia penalti ipigwe tena. Mwamuzi akasema sheria hairuhusu. "Mtu hakupiga," Fundi akasema. "Mtu alianguka. Sisi hatutaki kombe la mtu kuanguka." Watu wakaanza kupiga makofi, "Apige tena! Apige tena!" mpaka karani akakubali.

Nikapiga. Nawaapia, sijawahi kupiga mpira vile maishani, chini, kona ya kulia, umekazwa. Maganga akaruka akaunyaka kwa vile vidole saba, akaukumbatia kifuani kama mtoto, na nikajikuta mimi, niliyefungwa, napiga makofi.

Ikaja zamu ya hotuba, nami nikasema nitashukuru kwa maneno mawili nikae. Fundi akainuka kwanza. "Ndugu zangu, jana mwalimu huyu aliniambia jambo la akili. Alisema makombe yamezidi, yako saba. Njia nzima niliwaza, sikupata jibu. Namwomba aliseme mbele yetu, tumsikie."

Hakuwa ananikomoa. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, na hilo ndilo lililonitoa jasho. Nikasimama, mkanda wa mtu kiunoni, nikasema ndiyo, nilisema hivyo, na nikaeleza sababu zangu kwa sauti iliyokuwa ikipungua kila neno. Hakuna aliyezomea. Walisikiliza kama watu wa baraza. Kisha Mama Shija akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Katika hayo saba, ninyi mmeitwa kwenye mangapi?"

"Yote, mama."

"Na sisi?"

Nikajaribu kukumbuka lingine. "Hili moja."

"Haya," akasema, akakaa.

Nikaondoka mezani nikaenda waliposimama wachimbaji. Niliwapa mkono wote, mmoja mmoja, nikalikabidhi kombe kwa mikono yangu, nikidhani sasa ngoma itaanza. Hawakuanza. Walilibeba wakaenda nalo mpaka mdomo wa shimo, na mimi nikawafuata, kwa sababu zamu ya mchana ilikuwa bado chini, watu wasioiona mechi hata dakika moja, na wenzao walitaka wao ndio walishike kwanza. Tukangoja. Wakatoka kumi kumi, wamelowa tope, macho yanapepesa kwa jua la jioni, na kila mmoja akawekewa kombe mikononi. Mmoja akataka kujifuta kwanza. "Shika hivyo hivyo," Fundi akamwambia.

Kamati ya michezo ilipokaa, niliitwa nisome hoja yangu, nikasimama nikasema naiondoa, wenzangu wakanicheka na kuniuliza nimepewa nini huko. Mimi bado nasema kombe la wenye maduka halikuwa na kazi yoyote, hilo mtanizika nalo. Lakini nilijiapia, na kiapo hicho sijakivunja mpaka leo: sitatamka tena kwamba kitu kimezidi kabla sijaenda kukaa na mtu aliyepata kimoja tu. Na mwaka uliofuata, kabla Mwalimu Luhende hajapanga timu, nilimfuata ofisini nikamwomba mechi ya mgodini anipange, hata winga ya kushoto, na wale wazuri wote twende nao. Tulikwenda kwa nguvu zetu zote. Wakatufunga tena, manne.