Aliyenifanyia Mtihani wa Mwisho

Hili sikusimuliwa na mtu. Limenipata mimi mwenyewe, kwa mwili wangu huu, na mama yangu yu hai, ukitaka kamuulize. Nimebishana na watu mpaka nimechoka. Wengine hucheka, wengine hunishauri niende kupimwa kichwa. Basi nitalisema kama lilivyokuwa, wewe utaamua mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, hapa hapa Morogoro. Wiki ile mitihani ya kumaliza inaanza, mama yangu akateremshwa kutoka kwetu Mgeta, milimani, kwenye lori la kabichi, hawezi kuvuta pumzi sawasawa. Kifua kilikuwa kimembana. Akalazwa. Mimi ndiye mtoto wake pekee, sasa ningemwachia nani?

Sijui kama umewahi kuuguza huku unasoma. Alfajiri nilikuwa kwenye chumba changu cha kupanga kule Bigwa, napika uji. Uji unapelekwa wodini, mgonjwa ananyweshwa, anafutwa mwili, halafu unakimbia chuoni kufanya mtihani. Ukitoka, unapita sokoni, unapika tena, unarudi wodini. Usiku nilikuwa nalala chini, kwenye kanga, pembeni ya kitanda chake. Nasema nalala, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimejinyoosha tu, nasikiliza anavyopumua. Wenzangu walikuwa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya saruji ya chuoni, wanapiga msuli kwa makundi, wanaulizana maswali, wanacheka. Mimi nilikuwa nasomea kwenye foleni ya dawa. Nilifika mahali nasoma mstari mmoja mara nyingi na haubaki kichwani hata neno.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa Upimaji na Tathmini. Huo ndio tuliokuwa tukiuogopa wote. Na mjomba wangu aliyekuwa ananilipia ada alishaniambia wazi kwamba nikishika sapu, yaani nikifeli na kutakiwa kurudia mtihani, nisimpigie simu, ana watoto wake wa kusomesha.

Jioni ya kuamkia mtihani huo nilikuwa nimekaa nje ya wodi, kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa na wengi wameondoka kwenda kusali. Mvua ndogo inanyesha juu mlimani, huku chini bado. Pamfleti ya somo iko mapajani, macho yanafumba yenyewe. Ndipo akaja mwanamke akakaa kando yangu.

"Habari za kuuguza?" akauliza.

"Salama, tunamshukuru Mungu. Na wewe una mgonjwa?"

"Hapana. Nina shamba."

Nilifikiri sikusikia vizuri, nikamgeukia. Alikuwa wa rika langu, amejitanda kanga ya kawaida tu, anaongea kwa lafudhi ya kwetu milimani. Na sura yake, niamini, ilinisumbua. Nilikuwa namfahamu. Tena namfahamu sana, kama mtu mliyekula naye na kulala naye, ila jina limekutoka. Nikaona aibu kumuuliza yeye ni nani.

"Nina shamba kubwa, nalima peke yangu," akaendelea. "Nimechoka kama wewe."

"Pole."

"Kesho una mtihani?"

"Ndiyo. Wa mwisho."

Akasema taratibu, kama watu wanavyopangana zamu ya kuteka maji: "Basi wewe lala, mimi niende. Siku nyingine nami nikilala, wewe utakwenda."

Ungefanyaje wewe? Mimi nilicheka. Ulikuwa mzaha, na ilikuwa siku nyingi sijataniwa na mtu. Nikamwambia, "Nenda tu, dada yangu. Nenda, mimi nilale."

Hakucheka. Akaniwekea mkono begani, mkono mzito kuliko umbo lake, kisha akainuka. Nikainama kuokota karatasi iliyoanguka. Nilipoinua kichwa hakuwepo, na ule uwanja ni mpana, hauna hata kichaka. Hata hivyo sikuogopa. Mtu aliyechoka kiasi kile hana nguvu ya kuogopa. Nikaingia wodini.

Usiku ule mama alikohoa sana. Kulipopambazuka akatulia, akapata usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Muuguzi akaniambia, "Nenda kaoge mwanangu, mtihani usikupite. Huyu tutamwangalia." Nikaenda Bigwa. Nikaoga, nikavaa sare, nikakaa kitandani nifunge kamba za viatu.

Nilichosikia baada ya hapo ni adhana ya adhuhuri.

Jua lilikuwa limejaa chumbani. Viatu mguuni, kamba hazijafungwa, na sijageuka hata upande. Mtihani ulikuwa wa saa tatu asubuhi. Sikumbuki nilivyofunga mlango. Nilipiga kelele barabarani kama mwehu, bodaboda mmoja akanihurumia, akanikimbiza hadi chuoni.

Nilimkuta Rehema kwenye ngazi za ukumbi. Huyu alikuwa rafiki yangu, tuliingia chuo siku moja. Nikamwangukia, nalia, namwambia nimekwisha, nimelala.

Akanishika mabega. "Umelala wapi? Wewe si ulikuwa mbele yangu pale?"

"Mimi?"

"Wewe! Umeandika hukunyanyua kichwa. Umeomba na karatasi za nyongeza, watu tukaangaliana. Tulipotoka nikakuita tupige picha, umesimama lakini hunijibu. Nikajua mawazo ya mama."

Akatoa simu, akanionyesha. Tulikuwa kundi zima mbele ya ukumbi, tumemaliza chuo. Pembeni ya Rehema nilikuwa nimesimama mimi, na sare yangu, mikono imening'inia, midomo imefungwa. Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Ndipo nilipomjua yule mwanamke wa benchini. Ile sura iliyokuwa inanisumbua ilikuwa yangu. Sisi tumezoea kujiona kwenye kioo, ambako kulia ni kushoto na kushoto ni kulia. Ukikutana na wewe mwenyewe, uso kwa uso, kumbe hujitambui.

Sikunyamaza. Nilikwenda moja kwa moja kwa madam aliyesimamia mtihani wetu, mama mtu mzima, mkali lakini mwenye huruma.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Bado hujaenda kupumzika tu?"

"Madam, sijafanya mtihani."

Akavua miwani. "Karatasi yako nimeipokea mimi, kwa mkono huu. Nikakuuliza mama anaendeleaje, ukaitika kwa kichwa."

"Hakuwa mimi."

Kisha akainuka, akafunga mlango wa ofisi. "Sikiliza, mwanangu. Najua unauguza, najua hulali. Ila neno hilo usilitoe nje ya chumba hiki. Ukisema kuna mtu mwingine amekufanyia mtihani, utafukuzwa chuo, na huyo mtu utamtoa wapi? Nenda kalale."

Ningemtoa wapi kweli?

Jioni nikarudi wodini. Mama alikuwa amekaa, kwa mara ya kwanza ameegemea mto. Akaniuliza mtihani ulikuwaje. Kwa mama sikuweza kuficha, nikamweleza yote, kuanzia benchini.

"Wewe ulimwambia nini?" akauliza.

"Nilimwambia aende."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu, mama. Nilidhani ananitania."

"Na yeye alisema ana nini?"

"Shamba."

Mama akageukia ukutani, akajifunika shuka. Nilidhani amelala. Baadaye kidogo nikasikia sauti yake, ndogo: "Basi mwanangu, utalima."

Matokeo yalipotoka, ule mtihani nilipata alama za juu kuliko yeyote darasani. Mama alipona, akarudi Mgeta kwenye matuta yake ya karoti. Mimi nikapata ajira, sasa nafundisha shule ya msingi upande wa Kingolwira. Nina mume na nyumba yetu ya vyumba viwili. Mtu akinitazama anaona mwalimu aliyetulia.

Lakini mvua zikianza, ndiyo nakoma. Nalala mapema, mzima, naamka kiuno hakinyooki. Viganja vimetoka malengelenge. Kwenye kucha kuna udongo mwekundu, udongo wa mlimani, na huku Kingolwira hakuna udongo wa namna ile. Mume wangu anasema saa hizo hata akinitikisa siamki, napumua kama mtu anayepanda kilima. Alishanimwagia maji, sikushtuka. Msimu wa palizi unakuwa mbaya zaidi. Wakati wa mavuno ni mabega. Kiangazi kikikaza tu ndiyo nalala kama binadamu wengine.

Tulikwenda kwa shehe, akanisomea. Nikapata nafuu ya muda, kisha yakarudi. Mume wangu, ambaye ni Mkristo, akawaomba wenzake wa kanisani waje waniombee, wakaja, Mungu awabariki, ikawa vile vile. Juzi mama kanipigia simu. "Jana jioni umepita hapa njiani na jembe," akasema. "Nimekuita jina lako mpaka sauti imekauka. Hukugeuka." Jana hiyo jioni nilikuwa nimejilaza kwangu baada ya kusahihisha madaftari. Nilimwambia asiniite tena akiniona. Akalia kwenye simu, nami nikalia.

Kinachonitesa si udongo wala malengelenge. Ni kwamba sijui shamba hilo ni kubwa kiasi gani, wala nani anakula kinachovunwa. Yeye aliniandikia mtihani mmoja, asubuhi moja. Mimi nalima mwaka wa ngapi sasa?

Kwa hiyo wewe unayesoma, uliyekonda kwa mitihani, unayekesha na vitabu na mgonjwa na watoto, nisikilize. Akija mtu akakaa karibu yako, akakuonea huruma, akajitolea kuubeba uchovu wako, mshukuru, kisha mwambie hapana. Hata kwa utani, usiseme nenda. Uzito ukikuzidi, lala. Mtihani ukupite, ulie, ushike sapu, urudie mwaka ukibidi, mjomba akasirike. Mtihani hurudiwa.

Mimi hapa naacha kuandika. Mawingu yameshuka mpaka katikati ya mlima, na macho yameanza kufumba yenyewe.