Tenti Nyeupe Mbele ya Duka Tupu

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumamosi, nilitia saini karatasi ya kukodi tenti moja nyeupe, viti hamsini vya plastiki, spika mbili na jenereta, na tangu saa hiyo sina uso wa kupita mtaani kwetu Manyatta mchana. Nawaeleza ninyi kwa sababu mmekwisha kusikia vipande vipande, tena vibaya (wapo wanaosema nilitoka ndani ya jeneza; hakukuwa na jeneza).

Mnalijua lile duka langu la kona. Lilikuwa limekaa tupu miezi kumi na minne, na ndilo nililoweka rehani nilipokopa kwenye chama cha akiba na mikopo. Chama kilikuwa kimeniandikia barua mbili. Ya tatu haiji peke yake, inakuja na dalali. Watu walikuwa wanakuja, wanachungulia, wanauliza choo kiko wapi, wanaondoka wakisema watapiga simu. Hatimaye akapatikana mmoja wa maana, Madam Nekesa, mwenye duka la dawa Kondele, aliyetaka kufungua la pili na alikuwa tayari kulipa elfu ishirini na mbili kwa mwezi, mkataba wa miaka miwili. Tukapatana aje saa nne Jumamosi hiyo, atazame, tutie saini.

Ningeishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa vitabu (shule niliachia darasa la nane, mengine nimejisomea), na katika kitabu kimoja cha biashara nilichonunua sokoni Kibuye, kisicho na jalada, nilisoma kwamba mpangaji hupenda mahali ambapo wengine pia wanapataka. Basi nikatangaza siku ya kutazama duka, yeyote aje, ili Madam akifika akute watu. Na kwa kuwa jua la wiki ile lilikuwa kali, nikaona si vizuri wageni wasimame juani. Nilitaka kivuli tu, sikutaka kingine.

Okello, mwenye tenti, alipanga vitu kama anavyopanga kila Jumamosi: viti kwa mistari, kimeza mbele, nyimbo za polepole za kanisa kwenye spika. Juu ya kimeza nikaweka daftari nililolipiga mistari mwenyewe, safu ya jina, safu ya simu, na safu ya kiasi ambacho mtu anaweza kutoa kwa mwezi. Okello akaongeza beseni bila kuulizwa. Nyuma ya kimeza tukatundika bango lenye picha yangu nikiwa na suti, kubwa kama mlango (kitabu kilisema watu huamini sura), na waliolichapisha walikuwa wameniwekea mawingu nyuma ya kichwa, nikaona yanapendeza. Mimi niliyezaliwa hapa, niliyekaa kwenye matanga nisiyoweza kuyahesabu, nilirudi nyuma hatua kumi, nikaitazama kazi yote ile, nikaona imenyooka.

Kisha nikaenda mjini kutoa nakala za mkataba. Simu niliizima sauti ili nisome bila kusumbuliwa, nikapata koma imekosewa kifungu cha tisa, nikarudisha, ikachapwa upya, nikapata kosa lingine. Huku nyuma mpita njia wa kwanza alimuuliza Okello hii ni ya nani, naye akaonyesha bango kwa kidole, akasema ni ya huyo mzee. Hakudanganya.

Nilirudi saa nne na dakika ishirini. Viti vyote vilikuwa vimejaa na wengine wamesimama, na kwa sekunde chache (hizi ndizo zinazoniuma) nilifurahi. Nikajipenyeza nyuma, mkataba kwapani.

"Ilikuwa nini?" mama mmoja mbele yangu alimuuliza mwenzake.

"Presha, yawa. Hii duka ndiyo imemmaliza."

"Na vile alikuwa anatembea na mafaili."

"Hata huko mbinguni ataomba risiti."

Ningesema neno pale pale. Lakini jirani yangu, fundi wa mbao Baba Akinyi, alikuwa ameshika kipaza sauti na kuanza kunizungumzia, na niseme ukweli, nilitaka kusikia.

"Marehemu alikuwa mtu wa haki," akasema. "Ukichelewesha kodi siku tano, anakuvumilia. Ya sita anafunga. Hata shemeji yake alifungiwa. Hakubagua mtu."

Watu waliguna. Mimi nilidhani nimesifiwa.

Akasimama Mama Awino, fundi wa nguo, mpangaji wangu wa mwisho katika duka lile.

"Mimi ndiye nilikuwa hapa," akasema. "Alinifungia siku ya sita, cherehani yangu ikiwa ndani na sare za watoto wa watu, wiki ya kufungua shule. Nikamwambia, Jaduong', mzee wangu, nipe wiki moja. Akanionyesha ukurasa kwa mkataba. Sikuja kumsema, mtu akienda ameenda. Nimekuja kwa sababu ya Mama Beryl. Hiyo miezi mitatu nilikuwa sina mashine, ni yeye alikuwa anatuletea unga."

Mama Beryl ni mke wangu. Sikuwa na habari ya unga.

Akaweka noti ya mia katika beseni, akaandika jina lake kwa utaratibu katika safu zangu, akageuka kurudi kitini, macho yake yakaniangukia. Akasimama kidogo.

"Lakini si ni huyu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Viti vikaanguka. Mzee mmoja akaanza kusali. Mke wangu akatolewa ndani ya duka, miguu mitupu, kwa maana alikuwa ametoka nyumbani akikimbia baada ya kunipigia simu mara thelathini na moja. Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Simu yako iko wapi, Baba Beryl?"

Nikamwambia nilikuwa nasahihisha mkataba. Aliazima ndara za mtu, akaenda nyumbani peke yake.

Nililichukua daftari, nikaanza kurudisha michango kwa kufuata majina. Wengine walikataa, wakasema pesa ya matanga hairudi mfukoni. Mama Awino alichukua yake. "Mimi nina watoto," akasema.

Madam Nekesa alikuwa ameketi mstari wa tatu, leso mkononi. Alifika saa nne kamili na akatoa mia tano. Nikamfuata, nikajaribu kucheka.

"Mzee, hii ya matanga ni makosa tu, hata mimi nitacheka nikifika nyumbani," akasema. "Lakini mimi nina friji."

Sikumwelewa.

"Friji ya dawa. Insulini iko ndani. Kuna mwezi wateja wangu wanachelewa kunilipa, na mimi nachelewa. Sasa ukifunga siku ya sita, na stima ipotee, na mimi niko nje, nani ataingia kuangalia?"

"Kifungu hicho tunaweza kukibadilisha."

"Leo utabadilisha. Huyo mama alikuomba wiki moja."

Akachukua mia tano yake, akashukuru kwa kiti, akaondoka.

Wiki iliyofuata nilikwenda Obunga, anakoshonea Mama Awino kwenye kibaraza cha mabati. Nikamwambia arudi kwa kodi ile ile ya zamani, na akichelewa tutazungumza. Hakusimamisha mashine.

"Hapa mwenye nyumba analewa, Jaduong', na paa linavuja. Lakini hana kufuli." Kisha akauliza kama Mama Beryl hajambo.

Barua ya tatu ilikuja, na dalali wake. Duka sasa ni la mtu mwingine, ameweka wauza viatu. Tenti sitakodi tena maisha yangu, hata hiyo siku yangu yenyewe ikifika (nimewaandikia watoto, waketi chini ya miti), na mtu akiniomba wiki moja sitamfungulia ukurasa. Ila sasa sina cha kuombwa. Mama Awino alikuwa na deni la mwezi mmoja, elfu kumi na tano. Toka siku niliyomfungia mpaka siku dalali alipobandika tangazo lake ni miezi kumi na sita bila mpangaji, na kwa kodi ile ile aliyokuwa akilipa yeye, nimepiga hesabu mara nne, ni shilingi laki mbili na elfu arobaini.