Maharage ya Sadaka

Waumini wa Mwese walitaka kumwona mtoto. Ndivyo ilivyoanza. Mzee wa kanisa alimpigia simu mume wangu akamwambia, "Mchungaji, safari hii usije peke yako kama mseja. Tuletee mama na mtoto tumwombee." Mume wangu akacheka, akasema sawa, ndipo akaja kuniuliza mimi. Aliniuliza akiwa ameshakubali. Hilo nalo nililimeza.

Binti yangu alikuwa na miezi saba. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, nina kimeza cha nyanya na dagaa sokoni Kashaulili, na mume mwenye makanisa sita madogo ya vijijini, mengine hayana hata ukuta. Kuyafikia yote alikuwa na pikipiki moja na kofia ngumu moja. Kofia anavaa yeye kwa sababu yeye ndiye dereva. Siku moja nilimuuliza, "Kwani tukianguka, wewe unapigiza kichwa na mimi nabaki naelea hewani?" Akasema Mungu atatulinda. Nikamwambia basi akulinde wewe, kofia nipe mimi.

Ijumaa tulilala Kasokola, Jumamosi tukapanda milima. Sitasahau ile barabara. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na udongo ulikuwa unateleza kama mlenda. Mtoto nilimfunga kifuani, katikati yangu na mgongo wa baba yake, na kila tairi ya nyuma ilipokwenda upande nilihisi moyo wake mdogo unanipiga kwenye mbavu. Au ulikuwa wangu. Mume wangu alikuwa anaimba. Akiogopa huwa anaimba, na kadiri anavyoimba kwa sauti ndivyo ninavyojua hali ni mbaya.

Kabla ya kijiji kuna mto. Daraja lake la magogo lilikuwa limeshachukuliwa na maji, kwa hiyo watu wanavuka kwa miguu penye mawe. Jumamosi maji yalifika kwenye kifundo cha mguu, tukapita juu ya pikipiki hata sikulowa viatu.

Jumapili ibada ilikuwa ndefu. Mtoto alibebwa na kila mtu, akaombewa, akalia, akaombewa tena kwa sababu amelia. Kisha mume wangu akahubiri juu ya pombe. Nje ya dirisha alikuwa amekaa bibi mmoja mwenye dumu la njano miguuni, na kila mtu alijua ndiye anayepika komoni, pombe ya kienyeji, pale kijijini. Mume wangu akapaza sauti, "Wapo wanaoharibu nyumba za watu kwa madumu yao!"

Yule bibi akadakia kutoka nje, "Taja jina kabisa, mchungaji, usiogope!"

Watu wakacheka ndani ya kanisa. Mume wangu akakasirika, akaongeza nusu saa. Nusu saa hiyo naihesabu mpaka leo, kwa sababu mawingu yalikuwa yanajikusanya mlimani na mimi nilikuwa nayaona kupitia mlangoni.

Tulipotoka, wakatukabidhi sadaka ya kwenda nayo: jogoo aliyefungwa miguu na kiroba cha maharage, kilo ishirini na zaidi. Nikamvuta mume wangu shati. "Baba, hiki kiroba hatuwezi. Tuko watu watatu na jogoo."

"Hawa wamejinyima, mama," akaninong'oneza. "Nikiyaacha nitakuwa nimewatemea mate usoni."

Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Akakifunga kiroba nyuma kwa mipira ya kamba, ile wanayokata kwenye tyubu za magari, mimi nikakaa nimebanwa kati ya mgongo wake na maharage, mtoto kifuani, jogoo akining'inia kwenye usukani. Tukaondoka saa nane mchana.

Mtoni maji yalikuwa yamefika magotini, na yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo, juu ya jiwe, alikuwa amekaa yule bibi wa komoni ananawa miguu. Alikuwa amepita njia ya mkato kwenda shambani kwake.

"Lete mtoto nimvushe kwanza," akasema mume wangu. "Halafu pikipiki. Halafu wewe."

"Kwa nini mimi niwe baada ya pikipiki?"

"Kwa sababu wewe unaweza kusubiri. Maji yakizidi, injini itaingia maji."

Nilimpa. Nilimpa kwa mikono yangu, sitasema alininyang'anya. Mimi naogopa maji, sijui kuogelea, na yeye ni mrefu. Niliona ni salama zaidi kwake kuliko kwangu. Akavuka naye amemweka juu begani, kofia nyekundu ya sufi ya mtoto ikichezacheza, akamkabidhi bibi, akarudi.

Hapo ningeingia mtoni. Hapo hapo. Lakini alipofika akaona kiroba kimeegemea upande, akasema, "Ngoja nikaze, tusije tukakiacha katikati." Akaanza kufungua mipira na kuifunga upya. Mimi nikashika jogoo ili asimsumbue. Tulisimama pale wote wawili, watu wazima wenye akili, tunafunga maharage.

Kwanza nilisikia mlio. Nikadhani ni lori la mahindi linashuka mlima, nikashangaa lori limepita wapi. Mume wangu akainua kichwa. Kisha maji yakaja, meusi, na matawi, na mapovu, na mti mzima wenye majani mabichi. Mawe tuliyokuwa tunakanyaga yakapotea. Tukarudi nyuma tunakimbia, pikipiki tunaivuta kwa mkia.

Nilipogeuka, mto ulikuwa umepanuka mara tatu na mtoto wangu alikuwa upande wa pili.

Nilipiga kelele ambazo sijui zilitoka wapi. Bibi alikuwa amesharudi nyuma, amesimama kwenye majani, amemkumbatia. Kofia nyekundu niliiona. Nikamsikia mtoto analia. Sauti ilikuja ikikatika, maji yanaimeza na kuitema. Mwanamke aliyenyonyesha anajua: mtoto akilia, kifua kinaitika chenyewe. Blauzi yangu ililowa mbele, na hiyo haikuwa mvua.

Mume wangu akachomeka kijiti ukingoni. "Tutaona kama yanapanda au yanashuka," akasema. Akapiga magoti karibu na kijiti, akaanza kuomba kwa sauti. Kijiti kikazama akiwa bado hajafika kwenye amina.

"Bibi!" nikaita. "Bibi, mshike vizuri!"

"Kwani nimemshika kwa meno?" akajibu. Ana sauti ya soko, ilivuka mto bila shida. "Ana njaa huyu! Nina asali kidogo, nimlambishe?"

"Hapana! Kliniki wamekataza mpaka afikishe mwaka!"

"Basi kliniki wangekataza na mto usijae!"

"Na hilo dumu lisimguse!"

"Dumu tupu, mama mchungaji! Nimeshawauzia waumini wenu!"

Wakati mwingine wowote ningecheka. Pale nilikuwa nawaza huyu ndiye mtu tuliyemsema hadharani saa tatu zilizopita. Mume wangu amemwita mharibifu wa nyumba, na sasa nyumba yangu yote iko mikononi mwake, imevaa kofia nyekundu.

Kisha mvua ikaanza upande wao. Nikamwona bibi anainama, anafungua khanga yake ya kiunoni, anamweka mtoto mgongoni na kumfunga. Akachukua dumu. Akageuka, akaingia kwenye miti, asiangalie nyuma.

"Bibi! Unampeleka wapi? Bibi!"

Hakujibu. Sikuona tena chochote chekundu. Sikusikia tena kilio.

Mume wangu akasema, "Amekwenda kujikinga na mvua."

"Umejuaje?"

"Mama, tumwamini Mungu."

"Sijamwachia Mungu mtoto. Nimemwachia mwanamke ambaye hata jina lake hulijui. Ulimjua kwa dumu tu!"

Nikavua viatu nikaingia majini. Hatua ya pili yalinifika mapajani, na yalinivuta kama mtu mwenye mikono. Mume wangu akanidaka kiunoni. Nikamng'ata mkono. Alama ilikaa wiki mbili, na waumini wa mjini walipomuuliza alisema ni mnyororo wa pikipiki. Hakuniachia. Tukaanguka wote kwenye tope, na tukiwa pale chini nikamwona kwa mara ya kwanza anavyoogopa. Hakuwa anaimba. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

Sijui tulikaa muda gani. Nilikuwa napatazama mahali kilipozama kijiti. Mito ya mlimani ina hasira za haraka, yenyewe hupanda na kushuka siku hiyo hiyo, hilo nilikuwa nalisikia tu. Mwishowe ncha ya kijiti ikachungulia. Mume wangu akasema tusubiri saa nyingine. Nikamwambia, "Fungua mipira."

"Mipira ipi?"

"Ya maharage."

Alinitazama, akatazama kiroba. Kisha akafungua. Mipira yote minne akaiunganisha, akanifunga kiunoni, akajifunga na yeye, akakata mti mrefu wa kupimia mbele. Tulipanda juu kidogo ambako mto umetanuka. Maji yalinifika kiunoni. Katikati mguu wangu ulikosa chini, nikanywa maji machafu, nikasikia mpira unanikata tumbo anaponivuta. Sikuomba. Nilikuwa nahesabu: hatua moja, kofia nyekundu, hatua mbili, kofia nyekundu.

Tulifika. Nilikimbia kwenye ile njia bila viatu, naita. Kwenye shamba la mahindi kulikuwa na kibanda cha kulindia ngedere, moshi unatoka. Bibi alikuwa ndani, amekaa kwenye gogo, blauzi wazi. Mtoto alikuwa amelala, mdomo umeshika titi lake kavu.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Mlitaka nikae naye kwenye mvua ili nyie mfaidi kutuona?"

"Niliita, bibi. Hukujibu."

"Nilijibu. Wewe ulikuwa unapiga kelele."

Nilikaa chini nikamchukua. Alikuwa mkavu. Mimi na baba yake ndio tuliokuwa tunachuruzika. Akaamka, akanusa, akanyonya kwa hasira huku ananipiga ngumi kifuani, na mimi ndipo nikaanza kulia.

Mume wangu akakohoa. "Bibi, Mungu akubariki. Naomba tuombe kidogo..."

"Kaombee pikipiki yako huko. Hapa ni kuota moto."

Jua lilipokaribia kuzama maji yalikuwa yamerudi magotini. Mume wangu akaenda kuifuata pikipiki. Nilimwambia alete pikipiki na viatu vyangu tu. Akarudi na viatu, na jogoo, na kiroba amekifunga nyuma vizuri kuliko mwanzo.

Nilimpa bibi mtoto, nikaenda kwenye pikipiki, nikaanza kufungua. Mipira ilikuwa imelowa, nikavunjika kucha mbili. Mume wangu hakunisaidia, hakunizuia. Nilipokiburuta kiroba mpaka mlangoni kwa bibi ndipo akasema, "Mama, hayo ni ya kanisa."

"Yalikuwa."

Bibi akakibonyeza kiroba kwa kidole cha mguu. "Mchungaji, unanipa sadaka mimi mwenye dumu? Kesho utanihubiri tena?"

Mume wangu akavua kofia ngumu akanipa. Nikaivaa. Ilinifika kwenye nyusi na ilinuka jasho lake. Mtoto nikamfunga kifuani mwenyewe, vifundo vitatu, na tukashuka mlima polepole bila wimbo.

Mwezi uliofuata mzee wa kanisa wa Mwese alipiga simu. Mume wangu huwa anaweka sauti kubwa, nikasikia yote. Aliuliza kama tulifika salama, kama mtoto anaendelea vizuri, kisha akauliza, "Na yale maharage, mchungaji, mliyaonaje?"

Mume wangu alinitazama. Nilikuwa nakata vitunguu, na kisu sikukishusha.

"Mazuri sana," akasema. "Yanaiva upesi."

"Basi mje tena na mama."

Nilichukua simu mkononi mwake. Nikamwambia mzee kwamba nitakuja siku watakapojenga daraja, na nikamkatia simu akiwa bado anacheka, anadhani natania.