Kitambaa Juu ya Mashine ya Kudarizi

Nilimsingizia jirani yangu wizi kwa sababu ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe. Naandika ili nami nisikike, maana hapa mtaani kila mtu anaisimulia habari hii anavyotaka.

Jirani huyo, Hajji, husafirisha mizigo. Ndiye aliyeniletea mashine kuukuu ya kudarizi kutoka Bwera, kule mpakani, kwa pikapu yake. Mchoro unatengenezwa kwenye kompyuta, kisha unatumwa kwenye mashine kwa waya. Akina mama wa kanisa kule Kisinga walikuwa wamenipa mikanda niidarizi jina la kikundi chao. Mikanda isipokuwa tayari kufikia Jumamosi, wanampa fundi wa Kasese mjini, nami nikatafute kibarua hukohuko. Mimi ambaye nikienda dukani tu naaga nyumba nzima.

Nikachomeka waya, nikatuma jina. Mashine ikashona nyayo za kuku.

Nilijua kompyuta na mashine lazima ziwekewe kasi moja ya kupeana herufi. Nikabadilisha kasi. Kuku tena. Kumbe kuna mipangilio mingine mitatu ya kulinganisha, na kila nilipogusa mmoja nilisahau mwingine nilikuwa nimeuachaje. Siku ya pili nikaanza kumfikiria Hajji. Kwa nini siku ile ya kuleta mashine alichelewa njiani, akasema alisimama kunywa chai? Chai gani inanyweka saa nzima? Akipita akinisalimu kwa furaha, naona hata hiyo furaha ina kitu.

Alhamisi nikamwita, nikamuuliza ni kifaa gani alichotoa ndani ya mashine akakiuza mpakani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Aliizunguka mashine, akainua kitambaa changu cheupe cha maua. Kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Hata redio ina chake, na mashine niliifunika siku ileile ilipoingia, kabla ya kuitazama mgongo. Huko mgongoni palibandikwa karatasi. Mwenye mashine wa kwanza alikuwa ameandika kwa kalamu kasi yake na mipangilio yote.

Nikanakili vilevile kwenye kompyuta. Mkanda wa kwanza ukatoka na jina zima, herufi zimesimama wima. Nikaanza kuomba radhi kwa maneno marefu. Hajji akanikatiza, kitambaa bado kiko mkononi mwake:

“Fundi, hakuna mutu aliiba kitu yako. Namba iko hapa tangu Bwera, ni wewe uliivalisha nguo.”