Yaya Anayekamua

Kwetu Nyamitaba naitwa yaya, yaani mkubwa wa watoto wa nyumba. Nilizaliwa wa kwanza na sijahama tangu siku hiyo. Kaka zangu wawili wanachimba madini upande wa Walikale. Wa tatu anaendesha pikipiki Goma. Tulibaki mimi, mdogo wangu wa mwisho, ng'ombe sita, na diploma yangu ya sekondari ambayo hadi leo hakuna aliyeniomba nimwonyeshe.

Neno hilo limesafiri kunizidi. Mtawa Mhispania aliyetufundisha Kifaransa alicheka sana aliposikia tukiitana yaya. Kwao, alisema, yaya ni bibi, mama wa mzazi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikapewa wajukuu kabla ya mchumba. Binamu yangu anayesoma Uturuki naye akaniandikia kwamba huko yaya ni mtu aendaye kwa miguu. Alijua anamchokoza nani. Mimi nikifika soko la Kalembe najihesabu nimezunguka dunia.

Mwaka jana wakwe walikuja kutoa mahari ya mdogo wangu. Asubuhi hiyo, nikimsuka nywele, aliniambia, "Yaya, wewe njo unajua ngombe. Ukae na wazee pale wanaangalia ngombe."

"Pale wanakaa wanaume."

"Njo maana nakuomba. Wakituletea ngombe mubovu, watasema maisha yote kama nilitolewa mahari ya mifupa."

Niwaeleze kidogo. Njo ya kwetu ni ndiye na ndiyo ya kwenu. Kwetu wafugaji mwanamke hushika maziwa yakishatoka: anayachuja, anayagandisha, anayasukasuka, anayauza. Kukamua ni kazi ya wanaume. Lakini wanaume wetu walikwenda kutafuta maisha, na ng'ombe hawasubiri mtu arudi. Nimekamua miaka saba. Watu wanakunywa na hakuna anayeuliza. Baba mdogo, anayetusemea na ninayemwita Papa tangu baba yetu afariki, akija hunywa vikombe viwili, anafuta midomo na kusema maziwa ya hapa yana ladha.

Wakwe walifika na ng'ombe mweupe mwenye pembe ndefu, akifuatwa na ndama wake. Wanaume wakamzunguka. Wakasifu pembe. Wakasifu rangi. Mmoja alisifu hata jinsi anavyogeuza shingo.

"Ngombe iko muzuri," alisema baba mdogo. "Tumushukuru Mungu."

Mimi nilikuwa namtazama ndama. Alinyonya chuchu mbili za mbele, akagusa za nyuma, akaziacha, akarudi mbele. Mara tatu. Nikanawa mikono, nikachukua chombo cha kukamulia, nikapita katikati ya viti.

Shangazi wa bwana harusi, aliyekaa Nairobi miaka mingi, aliwaambia wenzake, "Kule yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto. Huyu wa kwao naona anafanya hadi za zizini. Walimtoa wapi?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, maana ulikuwa utani mzuri. "Mama, sikutolewa mahali. Hata kutoka kwenyewe kulinishinda."

Baba mdogo hakucheka. "Rudi ku jikoni. Mwanamuke hakamue ngombe, tena mbele ya wageni."

"Papa, maziwa ulikunywa asubuhi, ulizani yalijikamua?"

Akakitazama kikombe chake kana kwamba kimemsengenya. Kwa upande wa wakwe mtu alikohoa. Lakini nilikwisha kuchuchumaa, na kusimama bila kukamua kungekuwa aibu kubwa zaidi.

Chuchu za mbele zilitoa maziwa. Za nyuma, moja ilitoa maji yenye vibonge, na nyingine haikutoa kitu. Kiwele upande huo kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu. Nikampelekea baba wa bwana harusi chombo.

"Papa, nusu iko ngombe, nusu iko picha."

Naye ni mfugaji. Alikwenda, akapapasa mwenyewe, akainuka akijifuta mkono kwenye suruali. "Mutoto anasema kweli," akawaambia wenzake. "Tuliangalia pembe. Tutaleta ingine."

Wiki iliyofuata walirudi na ng'ombe mwekundu mwenye pembe fupi, moja imepinda, sura yake ya mtu aliyeudhiwa. Baba wa bwana harusi, kabla ya kukaa, aliuliza niko wapi. Nilikuwa naosha sahani. Niliziosha vizuri kuliko siku zote, wakangoja. Kisha nikakamua mbele yao chuchu zote nne, na zote nne zikajibu. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilipomwambia baba mdogo anaweza kupokea, ndipo akapokea.

Wageni walipoondoka baba mdogo aliniita pembeni.

"Umetuokoa, yaya. Lakini usizowee."

"Mimi nilisha kuzowea, Papa," nikamwambia. "Wewe njo utazowea."