Beberu Tuliyempa Mgeni

Asubuhi ile uwanja wetu wa kijijini Adumi haukuwa na harufu ya beberu, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Aliyelelewa na mbuzi anaijua harufu hiyo, kali, ya mkojo na ndevu zenye mafuta, inayoganda kwenye nguzo za zizi na kwenye nguo za anayefagia. Wageni huziba pua. Kwetu ilimaanisha kwamba wanambuzi watazaliwa. Sasa zizi lilinuka majivu na samadi kavu, na jike wa kahawia, jike wa mwisho wa mama yangu, alikuwa akilia tangu alfajiri huku akitikisa mkia, akitaka dume ambaye hayupo. Mama alikuwa akimenya muhogo. "Mwache alie, Candiru," aliniambia bila kugeuka. "Kesho kutwa atanyamaza." Nilikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, nimeacha shule mwaka uliotangulia, na neno hilo la kunyamaza lilinichoma. Nikamfunga mbuzi kamba shingoni nikatoka naye. Sikujua naelekea wapi.

Mbuzi wetu walikuwa wafupi, matumbo duara, miguu kama ya kigoda. Mama aliwapata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Walizaa pacha karibu kila mara, walizaa bila kusaidiwa, na mbung'o walioangusha ng'ombe kule bondeni waliwauma hawa bila kuwafanya kitu. Hayo sikuambiwa na mtu. Nilikuwa mtoto wa kuuliza kila jambo, na nilipokosa wa kunijibu nilikaa zizini kutwa nzima, nikiangalia nani kazaliwa na nani, nani karithi masikio ya bibi yake. Halafu mwaka mmoja, katika ule utawala wa wanajeshi, bwana mifugo akaja na gari, askari wawili, na beberu mweupe mrefu kama ndama. Amri ilikuwa fupi: madume yote ya kienyeji yahasiwe, majike yapandwe na huyo mweupe. Walikuwa wamepita vijiji vyote vya jirani, sisi tulikuwa wa mwisho. Bwana mifugo alimnyanyua mbuzi wetu mmoja kwa mguu wa nyuma. "Hawa si mbuzi," alisema. "Hawa ni panya wenye pembe." Mama akajibu taratibu, macho chini, "Panya ndiye anayejaza nyumba, bwana." Watu wakacheka, hata askari mmoja. Bwana mifugo hakucheka. Alifungua koleo lake la kuhasia, na jua lilipofika utosini madume yalikuwa yamelala kivulini, miguu wazi, yakitetemeka.

Mmoja alikuwa amebaki. Mama alimficha beberu wetu mweusi ndani ya ghala tupu la mtama, mdomo umefungwa kitambaa. Ningefurahi kuandika kwamba askari walimgundua. Hawakumgundua, tulimtoa wenyewe. Kwetu mgeni mkubwa haondoki bila kuchinjiwa mbuzi. Mgeni hachinjiwi jike, kuku kwa mtu kama yule ni tusi, na mnyama aliyeumizwa haruhusiwi kabisa kuingia kwenye sahani ya mgeni. Na madume yote yalikuwa yameumizwa mchana ule ule, na mgeni mwenyewe. Baba alizunguka zizi mara mbili akitafuta asiye na dosari, kisha akasimama mbele ya ghala. Mama alimfuata mbio.

"Baba Candiru, huyo ni mbegu."

"Na yule pale ni mgeni."

"Mgeni aliyekuja kutuhasi?"

"Mgeni ni mgeni. Unataka watu waseme nimemlisha mtu wa serikali kuku?"

Akamchinja. Bwana mifugo alinyonya mifupa, akasema nyama ya hawa wadogo kweli ni tamu. Hakuuliza dume huyu mzima alitoka wapi. Mimi nilipewa kipande cha ini, nikala, nikalamba vidole. Mpaka leo nikikumbuka ladha ile natamani kumpiga mtu, na sijui nianze na nani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja, akashiba, na hakuna aliyepona.

Majike wetu wawili walipandwa na yule mweupe. Wote wawili walikufa wakizaa, kwa sababu mwana wa baba mkubwa kiasi kile hakuweza kupita katika nyonga za mama mdogo kiasi kile. Wa pili nilimshika mimi miguu, mama ameingiza mkono hadi kiwiko, na jasho la mama lilikuwa likinidondokea shingoni. Jambo hilo angelijua mtoto yeyote aliyewahi kukaa zizini. Yule wa kahawia alipona kwa kuwa wakati ule alikuwa bado mdogo. Mvua zilipokaza, beberu mweupe, aliyekuwa akitunzwa kwa chifu, alianza kukohoa na kuhara, na minyoo ikammaliza kabla ya kuvunwa simsim, yaani ufuta. Bwana mifugo hakurudi tena. Usiache mbachao kwa msala upitao, wanasema. Sisi mbachao wetu tulikuwa tumeula.

Basi asubuhi ile nilitembea. Boma kwa boma niliuliza dume, na kila mahali nilionyeshwa madume manene, mapole, yasiyo na harufu. Mzee mmoja alinicheka: "Binti yangu, Adumi madume yote yamehasiwa. Kesho ni zamu yetu sisi." Nilifika Arua mchana, miguu imejaa vumbi, mbuzi bado analia. Dereva wa lori la muhogo aliyekuwa anakwenda Koboko aliniambia koleo halijafika Ludara, maana gari la bwana mifugo lilikufa njiani. "Panda," alisema. "Bibi harusi huyu akae nyuma, na wewe naona ndiwe shangazi wa kumsindikiza." Wapakizi walicheka hadi tukatoka mjini. Tulilala Koboko kando ya lori, na asubuhi nikaendelea kwa miguu.

Ludara niliisikia kwa pua kabla ya kuiona vizuri. Harufu ilitoka kwenye ua wa bibi mmoja Mnubi, mjane, aliyekuwa ameketi mkekani akisuka kifuniko cha chakula cha rangi nyekundu. Nyuma yake alisimama beberu mweusi, mfupi, ndevu zimelowa. Nilimsukuma mbuzi wangu mbele. Beberu akaja, akanusa, akainua mdomo. Jike akageuka, akakaa chini. Njiani alikuwa amenyamaza, nami sikuwa nimeona. Nililia kwa hasira, nikampiga kwa kamba.

"Acha kupiga," bibi alisema. "Yeye hana makosa. Joto yake imeisha, basi. Ngoja siku ishirini, itarudi."

"Sina pa kulala, haboba," nilisema, nikimwita bibi kwa neno la Wanubi.

"Mimi nimeuliza wewe? Mbuzi iko na pa kulala, pale. Wewe ingia ndani, toa hii vumbi yako, halafu kuja shika ukindu."

Hakuniuliza kabila, wala dini, wala nimemkimbia nani. Nilikaa mpaka joto liliporudi, kisha nikakaa mpaka jike alipozaa pacha, peke yake, alfajiri, sisi tumelala. Mmoja alikuwa dume, na walipoachishwa ziwa niliwarudisha wote Adumi, zizini kwa mama. Nimelala mahali pengi tangu hapo, Vurra kwa madereva, Aru kwa wachuuzi, lakini kuhama kwangu kote kulianzia katika chumba kile.

Siku hizi wataalamu wanakuja tena. Hawabebi koleo, wanabeba futi kama ya fundi cherehani. Wanapima vifua vya mbuzi wafupi, wanachukua damu, wanaandika jike amezaa wangapi na amestahimili magonjwa gani. Mwaka jana nilimkuta kijana mmoja Adumi, mpole, kasoma sana, akimpima mbuzi wa uzao wa yule wa kahawia. Aliniambia hawa ni hazina, wamebaki wachache, na kwamba wakulima wengi waliwapoteza kwa uzembe. Nilimshika mkono wenye kalamu. Nikamweleza kuhusu gari, askari, ghala, na majike waliokufa mikononi mwetu, na nikamtajia jina la bibi wa Ludara, herufi moja moja. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akainama, na kwenye nafasi ya chanzo cha kizazi akaandika: hakijulikani.