Mwacheni Aende

Kaka yangu tunamwita Sauti. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu kwenye banda la video. Anakaa kando ya skrini na maiki, muuaji anasema lake kule, yeye anamtia Kiswahili mdomoni. Na maneno alikuwa nayo huyo! Mpe filamu mbovu, atakurudishia tamu.

Adui akishapigishwa magoti, Sauti alikuwa na lake. Ananyamaza kidogo, halafu kwa sauti ya huruma: "Mwacheni aende." Ukumbi mzima unaitikia: "Akhera!" Panga linashuka, watu hoi kwa vicheko. Mimi nilikuwa nauza chai mlangoni, nasikia yote.

Mume wangu, fundi redio, hakuupenda mzaha huo. "Shemeji, unawafundisha watu kucheka damu."

"Shemeji nawe! Damu gani? Rangi ile."

Jumamosi moja mchana, kabla ya filamu, spika ilianza kukoroma. Mume wangu akaichomoa, akatokea mlango wa nyuma nayo begani, aipeleke kwenye meza yake ng'ambo ya barabara. Vijana waliojazana ndani wakaona spika haipo. Mmoja akachungulia nje, akamwona anavuka.

"Mwizi!"

Basi. Nikapiga kelele mpaka koo likakauka: jamani, fundi huyo, mume wangu huyo! Nani amsikilize muuza chai? Nilipofika walikuwa wameshampigisha magoti, waya wa spika bado uko mkononi mwake.

Sauti akatoka mbio. Nikashukuru Mungu, maana yeye wanamsikiliza. Akapaza ile sauti yake wanayoijua wote:

"Mwacheni! Mwacheni aende!"

Wakacheka. Wallahi, walicheka. Wakaitikia kwa pamoja: "Akhera!"

Mume wangu hakufika hospitali.

Watu huniambia wale walikuwa watoto wazuri tu, hasira za ghafla. Hasira gani inayocheka? Wateja wangu wale, namjua kila mmoja anakunywa chai na sukari kiasi gani. Banda bado liko wazi, wamepata mtafsiri mwingine.

Sauti hakushika maiki tena. Jioni huja kwangu, anakaa kwenye kiti cha fundi. Akiinuka kwenda zake, mwanangu mdogo humng'ang'ania shati, hataki mjomba aondoke. Nafungua mdomo nimwambie mtoto amwache aende, Sauti ananitazama, naufunga. Nainama tu, namwachisha lile shati kidole kimoja kimoja.